Breki za Nyuma za Kirikuu: Zikague na Uzibadilishe Kabla ya Kushusha Mzigo

Somo la leo halihusu mbegu wala dawa. Linahusu gari linalotoa mazao yako shambani, hasa breki zake za nyuma, zile zilizofichwa ndani ya dramu. Wengi wenu hamjawahi kuziona kwa macho tangu mnunue gari.

Mimi ni bwana shamba, si fundi gereji. Lakini kituo changu kiko milimani, Usambara, na vijana wengi ninaowahudumia wanapeleka wenyewe kabichi, karoti na nyanya sokoni kwa kirikuu au Probox. Magari haya yana diski mbele na dramu nyuma. Kazi ya kufungua dramu nilifundishwa na fundi, na sasa naifanya mwenyewe kwenye gari ninalotumia. Ukiweza kufungua pampu ya kupulizia dawa, ukasafisha nozeli na kubadilisha raba zake, hii nayo utaiweza.

Jambo moja naomba likae kichwani: breki ya dramu inaweza kuisha kimya kimya. Usingoje kelele. Ifungue kwa ratiba, uione.

Kwa nini breki za nyuma zinamhusu mkulima

Gari likiwa tupu, ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, kwa hiyo diski za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha miezi mingi na breki mbovu za nyuma asijue. Pakia mzigo sasa. Uzito unakaa juu ya ekseli ya nyuma, na hapo breki za nyuma zinatakiwa kufanya kazi ambayo hazikuwa zikifanya gari likiwa tupu.

Tupige hesabu. Kirikuu ndogo za Kijapani zimetengenezwa kubeba kilo 350. Tuseme umepakia matenga 20 ya nyanya, kila moja kilo 40. Hizo ni kilo 800, zaidi ya mara mbili ya uwezo. Jumlisha uzito wa gari lenyewe, unakaribia kilo 1,500. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona, na unashuka karibu mita 1,000. Nguvu ya mzigo huo kushuka kimo hicho, kama ingegeuzwa yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi. Injini ikisaidia kwa gia ndogo, sehemu ya nguvu hiyo inaishia kwenye injini. Ukishuka na gia kubwa au bila gia, sehemu kubwa zaidi inaingia kwenye breki zako.

Kwa hiyo somo linaanza kabla ya spana: punguza mzigo. Pima tenga moja kwa mizani ujue unabeba kilo ngapi. Safari mbili zina gharama ya mafuta, lakini gari likikuponyoka kwenye kona za Soni, anayepotea si nyanya peke yake.

Ndani ya dramu kuna nini

Dramu ni bakuli la chuma linalozunguka pamoja na tairi. Ndani yake kuna breki shuu mbili, vipande vya chuma vyenye umbo la mwezi mchanga. Kila shuu imebandikwa lainingi, ambayo ndiyo inayosugua dramu. Juu, kati ya shuu mbili, kuna wili silinda. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki yanasukuma pistoni zake mbili, shuu zinatanuka na kubana dramu. Ukiachia, springi zinazirudisha.

Kuna pia ajasta, kifaa chenye meno kinachosogeza shuu karibu na dramu kadiri lainingi inavyolika. Na kuna mkono unaovutwa na waya wa hendibreki. Hapo uelewe jambo moja: hendibreki yako ni shuu hizi hizi. Zikiwa zimeisha au zimelowa mafuta, gari ulilopaki kwenye mteremko wa shamba huku watu wanapakia nyuma halijashikwa na kitu cha maana. Tanguliza jiwe kubwa au gogo kwenye tairi, hata kama hendibreki ni nzima.

Dalili ukiwa kwenye usukani

Dalili zipo, ila mara nyingi zinachelewa. Ukiona mojawapo, fungua mara moja:

- Pedeli inashuka chini kuliko zamani, au inabidi ukanyage mara mbili ndipo ishike.
- Hendibreki inapanda juu sana ndipo ikamate. Kwenye magari mengi madogo inatakiwa kukamata kati ya mlio wa 5 na wa 8. Ikifika 10, kuna tatizo.
- Gari linavuta upande mmoja ukifunga breki.
- Sauti ya chuma kusugua chuma kutoka nyuma. Hapa lainingi imeshaisha na dramu inalika.
- Kiwango cha mafuta ya breki kinapungua kwenye kikopo chake.
- Ndani ya tairi la nyuma kuna michirizi ya unyevu.
- Rimu moja ya nyuma ni ya moto sana kuliko nyingine baada ya safari ya kawaida. Shuu za upande huo huenda zinang'ang'ania.

Vifaa vya kuandaa

Jeki, stendi mbili za chuma, wili spana, bisibisi bapa, praizi, nyundo, brashi, rula yenye milimita, msasa, grisi ya kuhimili joto, barakoa, na simu ya kupigia picha. Stendi si anasa. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na usiweke matofali badala ya stendi. Tofali linapasuka ghafla.

Hatua za kufungua

1. Paki mahali tambarare na pagumu. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kisha achia hendibreki. Ukiiacha imevutwa, dramu haitoki.

2. Legeza nati za tairi gari likiwa chini. Piga jeki, weka stendi chini ya ekseli au sehemu iliyopangwa na mtengenezaji, kisha toa tairi.

3. Vuta dramu. Ikigoma kwa kutu, igonge kwa nyundo kuzunguka, taratibu, usipige ukingo wake. Dramu nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye nyuzi. Tia boliti mbili zinazoingia hapo, uzikaze kwa zamu, moja kidogo na nyingine kidogo. Zitaisukuma dramu itoke.

4. Ikilegea kidogo kisha ikakwama, maana yake dramu imelika na kuacha ukingo, na shuu zimenasa ndani yake. Nyuma ya sahani inayobeba breki kuna kitundu chenye kiziba cha raba. Pitisha bisibisi hapo, urudishe ajasta nyuma meno kadhaa.

5. Kwenye baadhi ya magari madogo yanayovutwa na matairi ya mbele, dramu ya nyuma imeungana na beringi, na inashikwa na nati kubwa ya katikati. Kama gari lako liko hivyo, mwite fundi mara ya kwanza, uangalie anavyokaza nati hiyo. Kirikuu yenye difu nyuma kwa kawaida haina shida hii.

6. Dramu ikitoka, mtu yeyote asikanyage pedeli ya breki. Pistoni za wili silinda zitaruka nje na mafuta yatamwagika.

Angalizo kuhusu vumbi: usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo inaleta saratani ya mapafu, na hata vumbi lisilo na asbesto si zuri kifuani. Vaa barakoa, lowesha vumbi kwa maji ya sabuni, kisha futa kwa kitambaa cha kutupa.

Ukaguzi: angalia vitu vitano

*Lainingi.* Pima unene wake kwa rula, usihesabu chuma cha shuu. Mpya mara nyingi ina milimita 4 hivi. Kwa magari mengi madogo ya Kijapani, kikomo ni milimita 1. Mimi nawaambia vijana wangu wanaoshusha mzigo: ikifika 2, badilisha. Pima shuu zote, sehemu nyembamba kuliko zote, maana mara nyingi ile ya mbele inaisha haraka kuliko ya nyuma. Lainingi iliyopasuka, inayong'aa kama kioo kwa kuungua, au inayoachana na chuma, hiyo haifai hata kama ni nene.

*Dramu.* Pitisha kidole ndani. Mifereji midogo inavumilika. Mifereji inayokwama ukucha, nyufa, au madoa ya bluu ya kuungua ni habari nyingine. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Tofauti ni ndogo sana: dramu ya milimita 200 mara nyingi inakufa ikifika 201. Fundi mwenye mashine anaweza kuikereza ikanyooka, mradi isizidi kipimo hicho. Ikizidi, nunua nyingine.

*Wili silinda.* Inua kidogo raba za vumbi pande zote mbili. Unyevu mdogo kama jasho ni wa kawaida. Yakitiririka mafuta, silinda imekufa. Badilisha silinda pamoja na shuu zilizolowa.

*Mafuta ya difu.* Hapa ndipo penye kazi kwa wenye kirikuu. Ekseli ya nyuma ina sili ya raba inayozuia mafuta ya difu yasitoke. Sili ikichoka, mafuta yanaingia kwenye breki. Utayatofautisha hivi: mafuta ya breki ni mepesi na yanabambua rangi, ya difu ni mazito, meusi na yana harufu kali. Kijana mmoja mkulima wa kabichi alipeleka gari gereji akilalamika breki hazishiki. Akabadilishiwa pedi za mbele, akaambiwa breki zimekamilika. Tulipofungua nyuma pamoja, shuu za kushoto zilikuwa zimelowa mafuta ya difu kabisa. Pedi mpya zilifanya pedeli ionekane nzuri, lakini mlimani alikuwa anashuka karibu na breki za mbele tu, na abiria wawili kwenye kiti. Shuu iliyolowa mafuta haioshwi kwa petroli ikapona, kwa sababu lainingi inanyonya kama sifongo. Kwanza sili mpya, kisha shuu mpya, kwa mpangilio huo. Ukianza na shuu, zitalowa tena.

*Springi na ajasta.* Springi iliyovutika, yenye kutu nyingi au iliyobadilika rangi kwa joto, itoe. Ajasta izungushe kwa mkono. Ikikwama, safisha nyuzi zake na utie grisi kidogo sana.

Kubadilisha shuu

Nunua seti ya magurudumu mawili, kushoto na kulia. Kubadilisha upande mmoja kunalifanya gari livute upande ukifunga breki, na ukiwa na mzigo juu hilo ni la hatari. Nenda dukani na shuu ya zamani mkononi. Linganisha upana, matundu na mahali waya wa hendibreki unaposhika. Jihadhari na shuu za bei ya kutupa zisizo na jina. Seti nzuri mara nyingi haizidi thamani ya matenga machache ya nyanya msimu mzuri.

Sasa kanuni ya dhahabu: fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Upande wa pili ndio kitabu chako. Piga picha kabla ya kugusa springi yoyote.

1. Vaa kitu cha kukinga macho. Toa springi za kurudisha kwa praizi. Zina nguvu, zikichomoka zinaruka.
2. Toa pini zinazoshikilia shuu kwenye sahani: shika kichwa cha pini kwa nyuma, bonyeza kikombe cha springi kwa mbele, zungusha robo.
3. Toa shuu, kisha chomoa waya wa hendibreki. Hamisha mkono wa hendibreki kwenye shuu mpya kama ulivyokuwa.
4. Safisha sahani. Utaona sehemu zinazong'aa ambapo shuu husugua. Piga msasa kuondoa vijongo, paka grisi ya joto kidogo, kama unavyopaka mafuta ya nywele mtoto mchanga. Grisi isiguse lainingi wala ndani ya dramu.
5. Rudisha ajasta ikiwa imefungwa hadi mwisho. Usichanganye ya kushoto na ya kulia, kwenye magari mengi nyuzi zake zinazunguka kinyume.
6. Funga kila kitu kama picha inavyoonyesha. Linganisha na upande wa pili. Ukibakiwa na springi mkononi, hujamaliza.
7. Futa dramu kwa spiriti, ndani kuwe kukavu. Kama mikono yako ilishika lainingi ikiwa na grisi, isugue kwa msasa safi.

Kuset na kujaribu

Fungua ajasta taratibu mpaka dramu iingie kwa kubana kidogo, na ukiizungusha kwa mkono usikie mkwaruzo mwepesi tu. Fanya pande zote mbili sawa. Kisha kanyaga pedeli mara kadhaa, vuta hendibreki na uhesabu milio yake. Shuu ziset kwanza, waya wa hendibreki baadaye. Anayevuta waya ili kuficha shuu zilizoisha anajidanganya.

Kama ulibadilisha silinda au mafuta yalimwagika, lazima utoe upepo kwenye mfumo mpaka pedeli iwe ngumu. Tumia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye chupa ambayo haijakaa wazi. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya inatakiwa ichemke si chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kushuka mpaka 140. Kwa mlima wetu hiyo ni tofauti kubwa, kwa hiyo yabadilishe yote kila miaka 2. Maji ya sabuni, mafuta ya injini au hidroliki yasiingie humo kabisa, hata fundi akikwambia ni ya kufikia nyumbani tu. Mafuta ya injini yanavimbisha raba zote za mfumo.

Kaza nati za tairi kwa mtindo wa msalaba. Jaribu gari likiwa tupu, mahali tambarare, mwendo mdogo. Kisha funga breki taratibu mara 10 hivi ukiacha nafasi zipoe, ili shuu zizoeane na dramu. Usipakie mzigo siku hiyo hiyo ukaanza kushuka. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena.

Breki nzima haimsaidii anayeshuka vibaya

Shuka na gia uliyopandia. Kwa gari la otomatiki, weka 2 au L. Usishuke bila gia, na usizime injini kuokoa mafuta, maana kinachokusaidia kukanyaga pedeli kinategemea injini. Funga breki kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, kisha achia zipoe. Usiweke mguu juu ya pedeli safari nzima.

Ujue pia tofauti hii: pedeli ikiwa ngumu lakini gari halipungui, lainingi zimezidiwa na joto. Pedeli ikizama kama sifongo, mafuta yamechemka. Kwa vyovyote, shusha gia, vuta hendibreki kidogo kidogo, tafuta pa kusimama, subiri nusu saa au zaidi. Usimwagie maji dramu ya moto, itapasuka.

Ratiba ninayowapa vijana wangu

- Kila wiki: kiwango cha mafuta ya breki, unyevu ndani ya matairi, milio ya hendibreki.
- Kila kilomita 5,000 kwa anayeshusha mzigo mlimani: fungua dramu zote mbili, pima, safisha, set.
- Kabla ya msimu wa mavuno: fungua hata kama kilomita hazijafika.
- Kila miaka 2: mafuta mapya ya breki.

Andika kwenye daftari lile lile la shamba: tarehe, kilomita, unene wa lainingi kushoto na kulia. Baada ya vipimo vitatu utajua shuu zako zinaisha kwa kasi gani, na utazinunua kabla hazijakuita. Upande mmoja ukiisha haraka kuliko mwingine, daftari litakuonyesha pia, nawe utatafuta sababu mapema: waya umekwama, silinda imeganda, au sili imeanza kuvuja.

Kama bado huna uhakika na mikono yako, fanya ukaguzi tu, kazi ya kubadilisha mpe fundi unayemwamini. Ila simama pale pale, mwombe dramu za nyuma zifunguliwe mbele yako, na rula uwe nayo mfukoni.

Kazi njema, na mzigo ufike salama.